Madesa Yangu Yamemsahau Bibi

Hivi kozi inayoitwa makuzi ya binadamu toka mimba hadi uzee inakuwaje na madesa, yaani notisi, ya kurasa 62 halafu uzee unapewa moja na nusu, na hiyo nusu yenyewe ni habari za kufa?

Mwalimu wetu kakaa kwa Piaget, yule mwanasaikolojia wa akili za watoto, wiki mbili, hatua zake 4, mtoto mchanga ukimfunikia mpira na kitambaa anadhani haupo tena, haya, watoto watamu nimekubali. Mwanasaikolojia mwingine, Erikson, tangu 1950 kaandika hatua 8 za maisha na tatu za mwisho zote za watu wazima, sie tukaishia ya tano, ya ujana, eti nyingine mtajisomea. Nikauliza na wazee je? Akajibu samaki mkunje angali mbichi, darasa zima hoi.

Mie naishi kwa bibi yangu Ngamiani, Tanga, ana miaka 73. Simu kubwa anayo na kila siku ananiuliza sauti anairekodi wapi, sawa, hilo siwezi kubisha, wepesi wa kudaka kitu kigeni unaanza kushuka mapema tu, hata mie nauona mlango. Ila wanasaikolojia Cattell na Horn walishatenganisha akili hiyo na ile ya maneno na mambo uliyojifunza ukayaishi, hiyo inazidi kupanda mtu akiwa mtu mzima na inachelewa sana kushuka. Na kupoteza si kwa wazee peke yao jamani, kichanga cha miezi sita kinatofautisha sauti za lugha ambazo hakijawahi kuzisikia, kikikaribia mwaka nyingi zimeshampita!

Juzi wamekuja ndugu wawili wanagombea minazi ya marehemu baba yao, wamefokeana pale barazani mpaka kahawa ikapoa. Bibi kimya, anasuka ukili wake. Mwisho akauliza, "Dawa za mama yenu mwezi huu kanunua nani?" Wakatazama chini wote wawili. Mie na madesa yangu mkononi nilikuwa nishaanza kupiga hesabu za mirathi, wallahi.

Walipoondoka akanigeukia, mwanangu unasoma nini? Nikamwambia jinsi mtu anavyokua.

"Hebu nisomee hapo nilipofika mie."

Nikafunua ule ukurasa, nikaufunga. Nikamwambia bado hatujafika huko, bibi.