Je, nyota iliyolipuka iliwagusa viumbe wa maziwa yetu?

Mwanzoni mwa 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, walitoa hoja inayotuhusu sisi wa Maziwa Makuu. Walisema nyota kubwa iliyolipuka zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita ilimwaga mionzi duniani kwa muda mrefu, na kwamba huenda mionzi hiyo ilichangia kuzuka kwa aina nyingi mpya za virusi vya samaki katika Ziwa Tanganyika. Wao waliandika kwa tahadhari. Lakini habari kama hii ikishapita mikono miwili mitatu, "huenda" hudondoka, ikabaki kwamba nyota ndiyo iliyobadili samaki wetu. Tukiwa hapa Mwanza tuna sababu nzuri ya kuipima hoja hiyo, kwa kuwa ziwa letu lenyewe ni shahidi.

Upande wa fizikia una mashiko. Nyota yenye uzito unaozidi Jua mara 8 hivi huishi kwa kuunganisha haidrojeni kuwa heliamu, kisha hupanda hadi kaboni, neoni, oksijeni na silikoni. Kila hatua ni fupi kuliko iliyotangulia. Silikoni huisha ndani ya siku chache tu. Katikati hubaki chuma, na chuma kikiunganishwa hakitoi nishati. Hapo hakuna tena cha kuuhimili uzito. Kiini kinachokaribia ukubwa wa Dunia huporomoka kwa chini ya sekunde moja, kikawa tufe la upana wa kilomita 20 hivi. Karibu asilimia 99 ya nishati huondoka na nyutrino, chembe zinazopenya karibu kila kitu; kiasi kidogo kinachonaswa njiani ndicho kinachodhaniwa kuisukuma nyota iliyobaki ipasuke. Februari 23, 1987, mitambo ya Japani, Marekani na Umoja wa Kisovyeti ilinasa nyutrino chache kutoka nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, saa kadhaa kabla mlipuko wenyewe haujaonekana.

Kuna nyota chache ambazo kiini chake huzunguka kwa kasi kubwa mno na kugeuka shimo jeusi. Hizo hurusha mikondo miwili myembamba ya miale ya gama. Oktoba 2022 mmuliko wa namna hiyo, uliotoka umbali wa takriban miaka bilioni 2 ya nuru, uliivuruga angahewa yetu ya juu. Ndio unaotisha watu zaidi, lakini hoja ya Tanganyika haihusu mikondo hiyo, ambayo hutugusa tu ikielekezwa kwetu. Inahusu mlipuko wa kawaida, ambao mabaki yake huendelea kurusha chembe zenye kasi kubwa kila upande kwa maelfu ya miaka.

Na kwamba nyota ililipuka jirani, hilo halina ubishi tena. Chini ya bahari kumekutwa chuma-60, aina ya chuma kinachopungua nusu kila baada ya miaka milioni 2.6. Kingekuwepo tangu Dunia ilipoumbwa, kingeshaisha kabisa; kwa hiyo kilitua baadaye, kutoka nyota iliyolipuka. Kimeonekana Pasifiki, Atlantiki na Bahari ya Hindi, hata katika udongo wa Mwezi ulioletwa na wanaanga wa Apollo, na sehemu kubwa ni ya kipindi hicho cha miaka milioni 2 hadi 3 iliyopita. Umbali wa nyota hiyo ulikuwa mamia ya miaka ya nuru: mbali mno kuua, karibu vya kutosha kuongeza mionzi.

Kutoka hapo kwenda kwenye virusi ndipo ninapositasita. Virusi vingi vinavyozungumzwa ni vya RNA, yaani vinasaba vyake si vya DNA kama vyetu, navyo hukosea mno vinapojinakili. Havihitaji nyota ili vibadilike. Utafiti uliovichunguza uliihusisha kasi yao na kuongezeka kwa aina za samaki wenyewe: wenyeji wakiwa wengi, wageni nao huongezeka. Tena kipindi hicho ndicho zama za barafu zilipoanza na hali ya hewa ya Afrika ikabadilika. Mambo matatu yakitokea pamoja, kulichagua lile la mbinguni kunahitaji ushahidi zaidi ya tarehe kulingana.

Sasa tutazame Ziwa Victoria. Takriban miaka 15,000 iliyopita lilikauka. Matope yaliyochimbwa chini yake yalionyesha udongo uliowahi kuwa nchi kavu, wenye vijizizi. Lilipojaa tena, furu, samaki wadogo wa ziwa hili, walizaana hadi kufikia aina zaidi ya 500. Nyota iliyoacha chuma-60 ilikuwa imeshalipuka zamani za kale. Katika Ghuba ya Mwanza sababu inaonekana kwa macho: dume la furu aitwaye kitaalamu Pundamilia nyererei ni jekundu na hukaa chini kidogo, kwenye maji yanayopitisha mwanga mwekundu, ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ni wa bluu na hukaa juu. Majike huchagua rangi wanayoiona vizuri. Maji yakichafuka, rangi hazitofautishwi na aina hizo huchanganyika. Sangara aliyepandikizwa, pamoja na uchafu tunaoumwaga, wameangamiza furu wengi mno katika uhai wa wazee wetu. Hilo linaniuma kuliko mlipuko wowote wa angani.

Hata hivyo siwezi kuwafungia mlango wanafizikia. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa 2017 ulionyesha kwamba furu wanatokana na mchanganyiko wa koo mbili, moja ya Naili ya juu na nyingine ya Kongo. Walirithi tofauti za zamani, na tofauti hizo ziliwahi kuzaliwa na mabadiliko ya vinasaba mahali fulani, wakati fulani. Mionzi ingeweza kuchangia.

Lakini mionzi hiyo isingechagua Tanganyika peke yake. Kama ilifanya kazi, alama ya kipindi kilekile itafutwe kwa virusi vya samaki wa Ziwa Baikal kule Urusi, lenye umri wa miaka milioni 25, na kwa virusi vya baharini. Ikikosekana huko, basi sababu ilikuwa ndani ya Tanganyika kwenyewe.