Moto wa Kilimanjaro usitufumbe macho kuhusu moto wa mbugani

Aliyekuwa Moshi mwezi Oktoba 2020 hahitaji kusimuliwa. Moto ulizuka tarehe 11 upande wa njia ya Marangu, na kwa siku kadhaa watu wa mjini walikuwa wakitoka nje usiku kutazama ukanda mwekundu uliojichora juu ya msitu, huku wapagazi, wanafunzi na wanavijiji wakipanda kwenda kuupiga kwa matawi ya miti. Ulipozimika ulikuwa umekula kilomita za mraba zipatazo 95 za Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, mlima uliwaka tena karibu na kambi ya Karanga, kwenye mwinuko wa takriban mita 4,000. Tangu hapo moto ukitajwa hapa kwetu hutajwa kama anavyotajwa mwizi: hakuna anayeuliza ameiba nini, wapi, wala kwa nani.

Nawaelewa wanaosema hivyo, na kwa habari ya mlima wanasema kweli. Kinachonisumbua ni kuona hukumu iliyotolewa mlimani ikiteremshwa nzima nzima hadi Monduli, Simanjiro, Ngorongoro na Serengeti, mahali ambapo moto una historia nyingine kabisa, na ambapo mfugaji anayechoma nyasi na askari wa hifadhi anayechoma nyasi wote wawili hutazamwa na mpita njia kama watu wasiojua wanachokiharibu.

Tuanze na mlima, maana hapo sina ugomvi na mtu. Juu ya msitu wa mvua wa Kilimanjaro upo ukanda wa miti ya erika, yenye majani membamba yanayoshika moto upesi na matawi yanayoning'iniza ndevu za kijivujivu. Kazi kubwa ya ukanda huo ni kukamata ukungu: matone hunaswa na majani, hudondoka, huzama ardhini, kisha huja kutokea katika chemchemi zinazolisha mito na mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Wachaga. Erika iliyoungua mara moja huweza kuchipua upya kutoka kwenye kisiki. Ikiungua tena baada ya miaka michache, na tena, mti hugeuka kichaka, kichaka hukauka upesi kuliko msitu, na hicho kichaka kikavu ndicho kinachoungoja moto unaofuata. Mwanaikolojia Andreas Hemp, aliyeutafiti mlima huu kwa miongo kadhaa, alionyesha katika andiko lake la mwaka 2005 kwamba tangu 1976 mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita kutokana na moto uliozidishwa na hali ya hewa kavu, na kwamba hasara hiyo ni nzito kuliko kutoweka kwa barafu ya kileleni ambayo kila mgeni huipiga picha. Kule juu hakuna kundi la nyumbu linalosubiri majani mapya. Mrina asali anayeacha kijinga kikifuka chini ya mzinga anakata maji ya watu wasiomjua, na sheria kali inamstahili.

Sasa tushuke mbugani.

Mwezi Julai wa mwaka mmoja nilikuwa natoka Arusha kuelekea Makuyuni, nikasimama kando ya baka la ardhi lililokuwa limechomwa siku kama kumi zilizopita. Kwa mbali lilionekana kama zulia la mkaa. Nilipochutama na kuyapekua majivu kwa kidole, niliona vitita vya nyasi vimekatwa na moto karibu kabisa na udongo, na katikati ya kila kitita kijani cha urefu wa ukucha kikichomoza, ingawa hapakuwa na mvua yoyote tangu masika yaishe. Swala tomi walikuwa wametapakaa humo, na nyuma yao korongo wawili wakidonoa panzi walioungua. Ng'ambo ya barabara nyasi zilisimama hadi kiunoni, zenye rangi ya mkeka mkuukuu, na hapakuwa na mnyama hata mmoja. Mwenyeji wangu, mzee wa Kimaasai, aliona ninavyogeuza shingo huku na huku. "Mwanangu," akaniambia, "hizo za ng'ambo ni nyumba ya kupe na simba. Swala gani mwenye akili atalala humo?"

Alichokisema kina maelezo yake. Nyasi za mbuga hukulia chini, karibu na udongo au ndani yake, kwa hiyo moto unaopita haraka huondoa majani makavu na kuacha sehemu inayokua ikiwa hai. Majani yanayochipua baada ya hapo ni laini na yana protini nyingi kuliko mabua ya msimu uliopita. Mgunga uliokwisha kurefuka kupita urefu wa ndimi za moto huendelea kuishi, na ule mchanga huchomwa hadi chini ukachipua tena kutoka mizizini. Radi ilikuwa ikiziwasha mbuga hizi kabla hajafika binadamu, na binadamu naye amekuwa akiziwasha kwa maelfu ya miaka. Wanyama tunaowaita wa asili wamekulia katika nchi inayoungua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, na ambao naomba radhi mapema kwa kuukalia muda mrefu, ni wa Ngorongoro. Sakafu ya kreta, lile bonde la volkano iliyobomoka, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 250. Hadi mwaka 1974 zilikuwemo familia za Wamaasai zilizoishi humo na mifugo yao, wakichoma nyasi zilizozeeka. Mwaka huo waliondolewa, na kiberiti chao kikaondoka pamoja nao. Wazo lilikuwa kwamba kreta iachwe ipumzike. Nyasi zilirefuka na kuwa ngumu. Nyumbu na swala tomi, ambao hupenda nyasi fupi, wakapungua katika miongo iliyofuata. Nyati, ambao midomo na matumbo yao humudu nyasi ndefu na ngumu, wakaongezeka kutoka makundi machache hadi maelfu. Kwa mgeni aliyeshuka na gari kupiga picha, nchi ilionekana tajiri kuliko zamani.

Mwaka 2000 ukaja ukame mkali, na mwaka 2001 magonjwa yaenezwayo na kupe. Katika miaka hiyo miwili walikufa nyati wapatao 1,000, pamoja na nyumbu, pundamilia na simba, na faru weusi watano. Idadi ya faru wa kreta wakati huo haikufika thelathini, kwa hiyo watano si idadi ya kuisoma na kufungua ukurasa unaofuata. Kwa faru jike anayezaa ndama mmoja kila baada ya miaka kadhaa, pengo kama hilo huchukua muda mrefu kuzibika.

Msomaji makini atanikatiza hapa, na ana haki. Ukame ulitangulia, wanyama walikuwa wamedhoofika kwa njaa, na mnyama aliyedhoofika huuawa na kupe ambao mwenzake mwenye afya angewabeba bila shida. Je, ni halali kuulaumu ukosefu wa moto kwa kazi iliyofanywa na jua? Nimelipima swali hili mara nyingi, na kila mara hunirudisha kwenye idadi ileile ya nyati. Nyati elfu moja hawangeweza kufa katika sakafu ya kreta ya miaka ya 1960 kwa sababu hawakuwemo wengi kiasi hicho. Waliletwa na nyasi ndefu, na nyasi ndefu zililetwa na kukatazwa kwa moto. Kupe naye huhitaji kivuli na unyevunyevu wa shina la nyasi ili asikauke wakati anamngoja mnyama, na miaka zaidi ya ishirini bila moto ilikuwa imemjengea makazi pande zote. Ukame uliikuta nyumba imekwisha kujaa kuni, ingawa hizi zilikuwa kuni za namna nyingine.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ni kile wenye dhamana wenyewe walichoamua kukifanya. Kuanzia mwaka 2001 uchomaji wa kupangwa ulirejeshwa katika kreta, sehemu tu ya nyasi ndefu ikichomwa wakati wa kiangazi, na idadi ya kupe katika maeneo hayo ikashuka. Kiberiti kilichonyang'anywa mkono mmoja kilirudishwa katika mkono mwingine. (Waliokuwa wakikishika mwanzo hawakuitwa kurudi, lakini hiyo ni hoja ya siku nyingine.)

Serengeti nayo ina somo lake, na linapita upande usiotarajiwa. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, uliendelea kuwaua ndama wa nyumbu hadi ng'ombe walioizunguka hifadhi walipochanjwa na ugonjwa ukatoweka kwa wanyamapori mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumbu waliokuwa karibu robo milioni mwaka 1961 walifika takriban milioni 1.3 mwaka 1977. Midomo hiyo yote ililazimika kula, na nyasi ambazo zingebaki kavu zikaungua Septemba zikaishia tumboni. Moto ukapungua sana, miche ya migunga ikapata nafasi ya kurefuka, miti ikaongezeka. Sindano aliyochomwa ng'ombe wa mfugaji ilibadilisha idadi ya miti ndani ya hifadhi ambayo ng'ombe huyo haruhusiwi kukanyaga. Anayedhani kwamba kuna mbuga isiyoguswa na misukosuko, iwe ya maradhi, ya mvua, ya meno au ya moto, hajui anamaanisha hali ya mwaka gani.

Wapinzani wa moto, hata hivyo, hawakosi hoja hata huku chini, na hoja zao mbili ni nzito. Ya kwanza ni ya wakati. Moto wa Juni au Julai, nyasi zikiwa bado na umajimaji, huungua mabaka mabaka na kuzimika wenyewe jioni, ukiacha vichaka ambamo kobe, nyoka na viota hunusurika. Moto wa Septemba na Oktoba, upepo ukivuma, hufagia nchi nzima kwa joto la kuua hata miti mikubwa. Wafugaji wengine huchoma mwishoni kabisa mwa kiangazi ili kuwahi majani ya mvua za kwanza, na moto wa namna hiyo ukitoroka hakuna wa kuushika. Ya pili ni ya mahali. Misitu ya kandokando ya Mto Mara imepungua sana, na moto unaoingia kutoka kwenye nyasi una mkono mkubwa katika kupungua huko, kwa kuwa miti ya mtoni, kama erika ya Kilimanjaro, haikuzoea kuungua kila mwaka. Kwa hiyo hata ndani ya hifadhi moja, hatua mia chache tu hutenganisha moto unaofaa na moto unaoua.

Kuna na hoja ya tatu, ambayo hutajwa kwa sauti ya chini lakini pengine ndiyo yenye uzito zaidi leo. Mzee wa zamani alichoma sehemu na kuhamia nyingine, akarudi baada ya misimu kadhaa. Mjukuu wake amebanwa kati ya shamba la mahindi, uzio na mpaka wa hifadhi, na akichoma baka lake hana pa kupeleka mifugo linapopumzika. Maarifa yaleyale katika eneo lililosinyaa huweza kuleta madhara, bila mwenye maarifa kuwa mjinga. Nalikubali hilo. Ninachokikataa ni hitimisho linaloharakishwa kutolewa, kwamba kwa sababu nafasi imepungua basi moto wote upigwe marufuku. Nyasi zisizolishwa wala kuchomwa haziendi popote. Hulundikana mwaka baada ya mwaka, na siku cheche itakapotoka kwenye sigara iliyotupwa barabarani zitaungua zote kwa pamoja, katika mwezi mbaya kuliko yote.

Ndiyo maana uchomaji wa mapema unaofanywa katika hifadhi zetu za nyika, ambao kila mwaka huleta malalamiko kutoka kwa watu walioona moshi wakiwa barabarani, naona unastahili kutetewa, kwa sharti kwamba wachomaji wajibu maswali matatu kabla ya kuwasha: uoto huu umewahi kuzoea moto, umeungua mara ya mwisho lini, na nyasi zina umajimaji kiasi gani leo. Kwa erika ya Kilimanjaro, swali la kwanza linatosha kumfanya mtu arudishe kiberiti mfukoni. Kwa nyasi za kiunoni pale Makuyuni, swali la tatu ndilo lenye uamuzi.

Mzee yule nilimuuliza mwenyewe: kwa nini baka hili lichomwe na lile la ng'ambo liachwe? Akanieleza kuwa hili vijana wake walilichoma jioni, upepo ulipotulia, ili umande wa usiku uuzime moto, na kwamba lile walikusudia kulifuata baada ya siku chache. Kisha akavuka barabara, akang'oa bua moja, akalikunja kwa vidole viwili mbele ya macho yangu. Likivunjika kwa mlio umechelewa, akasema. Likipinda tu, bado unaweza. Lilivunjika kwa mlio. Akalitupa, akajipangusa viganja kwenye shuka lake, akasema hizo zitangoja mwakani.