Dereva yuko wapi?

Kwa kuwa rafiki yangu (anajijua) ameshatangaza kwenye magrupu yote kwamba nimevunja baiskeli kwa makalio, naomba leo mpate habari kutoka kwa mwenye makalio. Baiskeli nzima. Kilichosalimu amri ni nati ya siti.

Nina kilo 124. Siti iliyokuja na ile baiskeli ya mtumba ilikuwa nyembamba kama mwiko, nikaenda Kariakoo kutafuta ile pana, nene, ya jeli. Nikaibonyeza kwa kidole, ikabonyea, nikalipa. Utafiti wote wa mtu mzima ndio huo: kidole. Nikaifunga mwenyewe kwa spana ya kuazima. Siku tatu nimeendesha kama waziri. Ganzi niliyokuwa nashuka nayo nikadhani ndiyo mazoezi yanaingia.

Jana, Shekilango, mbele ya kijiwe cha bodaboda, nikakanyaga kwa nguvu. Krrk. Pua ya siti ikaanza kuinuka. Polepole, jamani, kama mtu anayeamka usingizini. Nami nikaanza kuteleza kwenda nyuma. Nimeng'ang'ania usukani, mikono imenyooka yote, bado nateremka tu. Mguu wa kulia ukaiaga pedeli. Mama wa maandazi akasema "Yesu wangu!" na mimi hata sijaanguka bado. Nikaja kutua kwenye keria, siti inatazama mawinguni, nimeibana kwa mapaja, abiria wa baiskeli yangu mwenyewe. (Chekeni tu, nawaona.) Tairi la mbele likanyanyuka kidogo. Kijiwe kizima kimya.

Halafu sauti moja: "Oya, dereva yuko wapi?"

Mengine mnayajua. Nikalala ubavu, nikainuka, nikasukuma hadi kwa fundi. Fundi akaweka kipande cha boksi juu ya benchi, akaniambia, "Kaa, mzee, nyanyua magoti kidogo." Nikakaa, barabarani, watu wanapita. Nilipoinuka yakabaki mashimo mawili, ya mifupa ya makalio; akapima katikati, sentimita 14. Akasema upana wa siti upite hapo kidogo, na isiwe laini sana: kwenye jeli nene mifupa inazama, mzigo unabaki kwenye nyama za katikati, ndiyo ile ganzi yako. Akanifungia ngumu kiasi, ya springi, nati akaikaza mpaka akatoa ulimi.

Iko poa, hata Mwenge nimefika.

Ila wewe uliyepiga picha lile boksi, ifute.