Peke Yangu Kusini, Nimekoma

Jamani, mimi nilitaka kupumzika tu. Miaka minne nimesimama stoo Kariakoo nahesabu misumari na mabati, bosi kanipa siku saba, nikasema hizi naenda kuzila pwani ya kusini, mimi na kibegi changu. Kosa langu ni kutamka "peke yangu".

Mke wangu akaweka mwiko chini. "Unaenda kwa nani?" Siendi kwa mtu. "Kuna msiba?" Hakuna. Yaani kwetu Mbagala mtu husafiri kwa msiba, harusi au mgonjwa. Ukikosa vyote vitatu, mgonjwa ni wewe.

Basi nilipandia Rangi Tatu. Mzee wa siti ya pembeni akaanza tangu Vikindu kunisimulia walivyokuwa wakilala njiani wakingoja pantoni ya Rufiji, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003. Nikasinzia makusudi. Akanigutusha nilione daraja lenyewe. Ni refu kweli, karibu kilomita nzima, na mkono wangu hakuuachia mpaka ng'ambo.

Gesti ya Kilwa Masoko wana daftari: jina, kabila, utokako, uendako, sababu ya safari. Nikaandika "kupumzika". Mhudumu akasoma, akanitazama, akasoma tena. "Umegombana na mtu, kaka?" Usiku akagonga mlango mara tatu. Ya kwanza kaleta sabuni. Ya pili anauliza kama sabuni nimeipata. Ya tatu hakuwa na sababu, alitaka kusikia kama bado napumua.

Asubuhi nikavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Pale, nisiwe mnafiki, niliishiwa maneno. Msikiti Mkuu na makuba yake, kisha Husuni Kubwa, jumba la sultani juu ya jabali, lina birika la kuogea la pembe nane. Pembe nane! Mimi kwangu naoga ndoo, na ndoo yenyewe ina foleni.

Mwongozaji akasema mwaka 1331 alipita hapo Ibn Battuta, aliyetoka kwao Tangier, Moroko, mwaka 1325, peke yake, hana hata wa kuongea naye njiani. Moyo ukaruka. Nikampigia mke wangu palepale: "Unaona? Batuta alisafiri peke yake!" Mwongozaji, mtu mwenye sauti ya kuita meli, akadakia: "Ila huko njiani alikuwa anaoa!" Simu ikakatika. Nikajipa moyo kwamba ni mtandao.

Lindi nilikwenda kwa ajili ya mjusi, yule mkubwa wa kale wa Tendaguru. Kumbe hayupo! Wajerumani walianza kumchimba 1909, mifupa ikabebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandarini, na sasa kasimama Berlin, urefu zaidi ya mita 13. Mfu kapata msafara mzima wa kumbebea mizigo. Mimi mzima sina hata wa kunishikia begi nikienda chooni stendi. Nimeingia nalo, nimetoka nalo, mengine tusiulizane.

Mikindani mama ntilie akanipakulia pweza sahani mbili, moja "ya mwenzio anayekuja". Nikaona aibu kumwambia hakuna anayekuja. Nikala zote. Mtwara nikanunua korosho, nikageuza.

Nafika nyumbani usiku, nakuta mlangoni viatu jozi sita. Ndani mama mkwe, mjomba wa mke wangu, na mjumbe wa mtaa kavaa kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaisogeza mifuko ya korosho pembeni kama ushahidi. "Baba Rehema, sisi na wewe hatuna ugomvi. Wewe ni mtu mpole. Ila huyo rafiki yako Batuta, mwenye wake kila bandari, ndiye anayekuharibu."

Nikamtazama mke wangu, akatazama dari. Mjumbe akafungua kalamu. Mgongo unaniuma, siku nzima nimekaa kwenye basi, nianze kueleza habari za 1331 saa hizi?

Nikasema, "Mama, nimeshaachana naye."