Mnaosema Nakula Bata, Njooni Mnywe Chai ya York

Kuna mtu kwenye kundi letu la ukoo, simtaji maana ni shemeji na deni lake nalijua, ameona picha yangu moja tu nimesimama mbele ya kanisa kubwa na koti la kuazima, akaandika: "Mzee anakula bata Ulaya!" Wakamfuata wengine na vikatuni vya kupiga makofi. Mmoja akauliza viatu namba 43 huku ni bei gani. Nikaona nisijibu kwenye kundi, hasira ya mtu mzima haienei kwenye kioo cha simu. Wacha niimwage hapa.

Kwanza, hakuna bata. Nimekuja kumwona binti yangu na mjukuu, wanaishi Leeds, Uingereza, na Jumamosi mkwe wangu akaamua kwamba sitarudi Tukuyu bila kuona mji wa kihistoria. Mji wenyewe ni York, nusu saa hivi kwa treni. Mkwe ni kijana mzuri, ana adabu, ananiamkia shikamoo hata kama tumepishana kwenye korido muda si mrefu. Tatizo ndilo hilo. Mbele ya mkwe wa namna hiyo huwezi kusema umechoka. Huwezi kusema una njaa. Na yako mambo mengine huwezi kuyasema kabisa, nitayafikia.

Pili, mtu anayejenga hasafiri peke yake, nyumba yake anayo kichwani. Nikitajiwa bei kwa pauni, nazidisha kwa elfu tatu na ushee, halafu nagawanya kwa bei ya mfuko wa saruji. Wenzangu wanaona tiketi, mimi naona mifuko inashushwa kwenye gari la mtu mwingine.

Tukaanza na kanisa lenyewe, wanaliita Minster. Ukienda kusali unaingia bure, ukienda kushangaa unakata tiketi. Nikamweleza mkwe kwa upole kwamba mimi ni Mmoravian tangu kuzaliwa, nimekuja kusali. Akasema, "Baba, nimeshalipa kwa simu tangu jana." Basi nikashangaa kwa bidii, hela isipotee.

Ndani tukapokewa na mama mmoja wa kujitolea, anaeleza historia ya jengo. Anasema ujenzi ulianza karibu mwaka 1220, ukakamilika 1472. Nikamwomba arudie. Miaka 250! Watu wanapanda ndege kuja kulipiga picha, na hakuna hata mmoja anayeuliza kwa nini lilichelewa. Mimi nimesimama kwenye lenta misimu michache tu ya mvua, mtaa mzima unaniita Mzee Lenta. Juu ya kuta zangu hata nyasi hazijakomaa.

Kisha akatuonyesha dirisha la mashariki, vioo vya rangi vimepanda mpaka shingo inauma. Fundi wake aliitwa John Thornton, wa Coventry. Aliingia mkataba mwaka 1405, akamaliza 1408, miaka mitatu kama walivyoandikiana, na kwa kumaliza kwa wakati akaongezwa pauni 10. Hapo ndipo nilipoomba kukaa kwenye benchi. Mkwe akakimbia kuleta maji akidhani ni uchovu. Haukuwa uchovu. Nilikuwa najaribu kumfikiria fundi anayemaliza kwa tarehe iliyoandikwa, uso wake unakaaje.

Mjukuu akataka tupande mnara, ngazi 275. Nikafumba macho papo hapo nikaendelea na sala niliyokuwa nimezuiwa kuianza getini.

Nje kuna sanamu ya Konstantino, amejiegemeza kwenye kiti chake bila haraka, maana jeshi lilimtangaza kuwa mfalme wa Roma katika mji huo mwaka 306. Kabla yake alipita Septimius Severus, naye mfalme wa Roma, mzaliwa wa Libya, Mwafrika mwenzangu. Alikuja na majeshi kupigana kule Scotland, akafia York mwaka 211. Vitabu vinasema ni maradhi. Mimi nimesimama pale uwanjani, upepo wa Aprili ukapita katikati ya koti la mkwe kama kwake, na nina maoni yangu. Halafu kila Mwingereza akikuona umejikunyata anakuonea huruma, anadhani hujawahi kuona mvua. Mtu wa Tukuyu! Mvua ile ya kwao inadondoka kwa aibu aibu, kwetu ingeitwa umande.

Tukapita Shambles, mtaa wa wachinjaji wa zamani. Nyumba zimeinamiana mpaka juu zinataka kugusana vipaji, kulabu za kutundikia nyama bado ziko, nyama yenyewe hakuna hata robo. Siku hizi wanauza fimbo za uchawi. Sitanii. Watoto wamepanga foleni na wazazi wao, wanachagua fimbo, wanafungiwa vizuri, wanapewa na risiti. Kwetu ukutwe na fimbo ya namna hiyo kwenye begi halafu ujaribu kutoa risiti.

Sasa chai.

Mkwe akasema haiwezekani baba aondoke bila kunywa chai ya alasiri ya Kiingereza. Duka silitaji, wana watoto wa kulisha. Nje ya mlango watu wamejipanga kwenye manyunyu, wametulia, wanatabasamu. Nikauliza ndani kuna msiba wa nani. "Hapana baba, ni foleni ya chai." Mimi, mtoto wa Katumba, niliyechuma majani mawili na chipukizi kabla sijajua kuandika jina langu, nikasimama kwenye mvua kusubiri majani ya chai.

Tulipoingia, akaja binti mwenye aproni nyeupe akanikabidhi kijitabu.

"Ungependa chai gani?"

"Chai."

"Ndiyo, lakini ipi?"

Akaanza kunisomea. Ya Assam, ya Darjeeling, ya maua, iliyofukizwa moshi, na moja ya kifungua kinywa cha Kiingereza. Nikatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tisa alasiri. Nikamwambia alete hiyo ya kifungua kinywa, nitajifanya ndio nimeamka. Kiingereza katika jina, majani yenyewe sehemu kubwa ya wanayokunywa huku yanatoka kwa jirani zetu Kenya. Nilitaka kumweleza, binti yangu akanikanyaga.

Likaja birika, kikaja kichujio, likaja na birika la pili la maji matupu, sijui la dharura. Na maziwa. Maziwa kwenye kijagi cha kuchezea watoto, ya baridi! Nikayagusa mara mbili kuhakikisha. Nikamwita yule binti, na kwa Kiingereza cha mwalimu mstaafu, kila neno limepigwa pasi, nikamwomba arudi jikoni, achukue sufuria, aweke maziwa, maji, majani na tangawizi iliyopondwa, achemshe vyote pamoja.

"Kwa muda gani, bwana?" Alikuwa na kalamu, anaandika kabisa.

"Mpaka yapande. Ukiona yanapanda, shusha. Rudisha yapande tena."

Akaenda. Akarudi na meneja, kijana mwenye tai, mikono ameifumbata. Akasema anasikitika sana, jikoni hawana utaratibu huo. Utaratibu! Sufuria na maziwa! Mkwe alikuwa anasoma soli ya kiatu chake. "Baba, tafadhali," binti yangu akanong'ona. Nikakumbuka hadhi yangu, nikamshukuru meneja, nikamimina maziwa ya baridi kwenye chai ya moto mbele ya watu, nikanywa. Ilikuwa vuguvugu ya kuogea mtoto.

Kikaja chombo cha sahani tatu zilizopandishwa ghorofa. Chini, mikate iliyokatwa maganda na kubaki vidole vidole, ndani yake nini? Tango. Jamani, tango! Ghorofa ya katikati skonzi, ya juu vikeki vya kumeza bila kutafuna. Nikachukua skonzi nikaichovya kwenye chai.

Meza za karibu zikanyamaza. Bibi mmoja mwenye lulu shingoni akaniinamia kwa upole wa muuguzi: "Samahani, inakatwa katikati. Jemu kwanza, halafu krimu." Mume wake akashusha gazeti. "Krimu kwanza." "Jemu, mpenzi." "Krimu." Kumbe ni ugomvi wa mikoa, watu wa Cornwall wanaanza na jemu, watu wa Devon wanaanza na krimu, na hao wawili walioana bila kuulizana. Ndoa ya watu ikatikisika kwa sababu ya skonzi yangu. Mzee akanigeukia, labda alitafuta mshenga: "Huko kwenu mnafanyaje?" Nikamwambia kwetu tunachovya. Bibi akashika lulu zake.

Ikaja bili. Mifuko kumi ya saruji na zaidi. Chini yake wamejiongezea asilimia ya huduma, na hapo, ndugu zangu, nikasahau mkwe, nikasahau tai ya meneja, nikapandisha sauti. Huduma gani? Maziwa yalikuwa ya baridi! Mdogo wangu mpaka leo anachuma chai Katumba. Kilo nzima ya majani mabichi analipwa shilingi mia kadhaa, tena kwa kusubiri. Kilo nne mpaka tano mabichi ndizo zinazotoa kilo moja kavu. Birika lile lilikuwa na vijiko viwili, labda vitatu. Nimefanya hesabu hiyo kwenye kitambaa chao cha mezani na sitawaambia jibu, maana mdogo wangu naye yumo kwenye kundi.

Nilipolipiwa nikanywa birika lote mpaka chini, na la maji matupu pia. Kilicholipiwa hakiachwi.

Sasa yale mambo nisiyoweza kuyasema. Mkwe akapendekeza tutembee juu ya ukuta wa mji. Umebaki kama kilomita 3.4, mawe ya zama za kati, unapanda bure, na kwa sababu ni bure sikuweza kukataa. Tukatembea. Mabirika mawili nayo yakatembea. Kwenye basi la Mbeya konda anatangaza, mnashuka kuchimba dawa, safari inaendelea. Juu ya ukuta wa miaka 700 utachimba wapi? Chini kuna maua ya manjano na watu wanayapiga picha. Na mkwe yuko nyuma yangu hatua mbili, kwa heshima, anaeleza. Tulipofika lango la Micklegate akasimama kueleza kwa kirefu jinsi kichwa cha Richard, mwenye cheo cha Duke wa York, kilivyotundikwa pale mwaka 1460 kikiwa na taji la karatasi. Nikakionea wivu. Angalau chenyewe kilikuwa kimeachana na sehemu zinazosumbua.

Aliyeniokoa ni mjukuu, alipiga kelele kwamba anataka kukojoa. Mungu amjalie shule nzuri. "Babu atakupeleka," nikasema, na nilimpeleka kwa kasi ambayo mama yake hajapata kuiona.

Makumbusho ya reli sina neno nayo. Hakuna kiingilio, kuna vyoo, na kuna Mallard, lile garimoshi la bluu lililokimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa mwaka 1938. Nilikaa mbele yake mpaka mlinzi akanisalimia.

Jioni nikajua tunarudi nyumbani. Mkwe akasema bado mizimu. Kuna watu York, wamevaa kofia ndefu nyeusi, wanakusanya wageni gizani na kuwazungusha vichochoroni kuwaonyesha mahali mizimu inapotokea. Kwa malipo. Kwetu mtu akiwaongoza wenzake usiku kwenye makaburi anaitiwa mwenyekiti wa mtaa. Mkwe, kunivutia, akanisimulia habari za Harry Martindale, fundi bomba kijana aliyekuwa anafanya kazi kwenye ghala la chini la nyumba moja karibu na Minster mwaka 1953. Alisema aliona askari wa Kirumi wakitoka ukutani na kupita mbele yake, wanaonekana kuanzia magotini tu kwenda juu, maana barabara yao ya zamani iko chini ya sakafu. Akaanguka kutoka kwenye ngazi, akakimbia.

Watu wote wanashangaa Warumi. Mimi nilishangaa kwamba fundi bomba alikutwa kazini. Ana ngazi yake. Yuko kwenye nyumba ya mteja. Wangu alichukua nusu ya hela ya choo na tangi kabla sijapanda ndege, akasema Jumatatu. Jumatatu akafiwa na mama mkwe, nikatoa pole na rambirambi. Wiki iliyofuata mama mkwe huyo huyo akalazwa. Juzi nikampigia, Tukuyu saa hizo ni saa saba ya usiku, nilijua nitamkuta amelala na hatakuwa na uongo wa karibu. Akapokea mlio wa kwanza. "Niko njiani mzee wangu, nipo hapa Uyole, naja kwako kuunganisha." Saa saba ya usiku! Nikamuuliza anakuja na nini, akasema ndicho kilichomkwamisha, nimrushie nauli, na ya kutolea.