Siku za Kisu ni Arobaini

Jana usiku nimepoteza dakika 18 kutazama video ya kisu cha jikoni. Nina hakika ni 18 kwa sababu baada ya kuudhika niliirudia nikiwa na saa mkononi kama refa. Kufungua boksi peke yake kulikula dakika tatu na ushei. Karatasi laini iliyokiviringisha kisu ikasifiwa. Harufu ya mpini ikasifiwa (harufu, jamani!). Ukaja muziki wa piano, kisu kimelazwa juu ya gogo kinazungushwa taratibu, mwanga unateleza kwenye ubapa. Halafu tangazo la mdhamini. Muda ambao kisu kiligusa kitu kwa nia ya kukikata: sekunde 40. Karatasi mbili, nyanya moja, na vinyweleo vya mkono wa jamaa mwenyewe. Alama alizokipa: 9.5 kati ya 10.

9.5 za nini?

Ningecheka nikalala, ila kisu hicho ninacho. Nilikinunua mwaka jana baada ya kutazama video nyingine ya aina hiyo hiyo, nyanya hiyo hiyo. Siku ya kwanza kilikuwa maajabu. Niliwaita watu waje jikoni waone ninavyokata vipande vyembamba hadi unaona ubao upande wa pili. Wiki ya pili haijaisha, nikawa namenya kitunguu, na mkono ukajua kabla ya jicho: kisu kiliteleza juu ya ganda badala ya kuzama. Nyanya ikaanza kubonyea kwanza, ikatoa maji, ndipo ikakubali kukatika. Kisu hakipati. Nikachukua kipande cha pamba nikakipitisha kutoka mgongoni kuelekea makali. Upande wa kulia pamba ikapita salama. Upande wa kushoto ikanasa na kuacha nyuzi zake ukingoni.

Anayenoa visu ameshaelewa. Kule kiwandani kisu kilinolewa haraka kwenye cherehe, lile jiwe la kunolea linalozunguka, na pale ukingoni pakabaki kijiuzi cha chuma ambacho hakikuondolewa. Kijiuzi hicho ni chembamba mno, kwa hiyo siku ya kwanza kinakata karatasi utadhani wembe. Lakini hakina nguvu. Kikigonga ubao mara kadhaa kinajikunja, na kisu kinalala. Wakati mwingine cherehe huunguza ukingo wenyewe, ule ugumu unapotea kwenye tabaka jembamba la juu, na makali hayakai mpaka kinoo kilifikie chuma kizima kilicho nyuma yake.

Nilikinoa kwa jioni mbili, taratibu, nikakitoa kijiuzi, nikamalizia kwa kukiburuta kwenye ngozi. Tangu hapo kimekaa miezi kabla ya kudai kinoo tena. Kumbe ni kisu kizuri! Na hapo ndipo hasira yangu inapozidi. Yule wa kwenye video hakudanganya. Mimi pia sikukosea nilipokitukana wiki ya pili. Sote wawili tulikuwa tunazungumzia kazi ya mtu mmoja wa kiwandani aliyekishika kisu kwenye cherehe kwa muda mfupi siku fulani akiwa na haraka zake. Kisu chenyewe hakuna aliyekuwa amekigusa bado.

Ndiyo maana nasema kisu kinachokaguliwa siku kilipotolewa kwenye boksi hakijakaguliwa. Umempima mnoaji. Kisu cha pili kutoka boksi la pili kinaweza kuwa na makali mengine kabisa, kwa sababu mnoaji alikuwa mwingine au jiwe lilikuwa limechakaa. Ukitaka kujua kisu, kinoe wewe mwenyewe, kwa pembe unayoijua, kisha ukitumie mpaka kichoke, na utuambie kimechoka lini na kimechokaje. Kimekuwa butu tu, au kimemeguka meno? Kikirudi kwenye kinoo kinakubali upesi, au kinakugombeza nusu saa? Hayo mambo matatu ndiyo nitakayoishi nayo. Vinyweleo vya mkono wako sitaishi navyo.

Wala si wazo langu. Wenye fani hiyo walishalimaliza zamani. Kule Sheffield, Uingereza, mji uliotengeneza visu kwa karne nyingi, iko mashine ya CATRA, shirika la utafiti wa visu na zana za kukatia. Kisu kinabanwa makali yakiangalia juu, na juu yake inashushwa karatasi ngumu iliyochanganywa asilimia 5 ya silika, mchanga ule ule unaokula chuma. Karatasi inakandamizwa kwa nguvu ya niutoni 50, huku ikisuguana na makali mbele na nyuma kwa milimita 40. Kipimo chenyewe kimeandikwa kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 8442-5. Sasa sikiliza: kinatoa namba mbili. Ya kwanza ni kina kilichokatwa katika mizunguko 3 ya mwanzo, na inaeleza ukali. Ya pili ni jumla ya kina kilichokatwa katika mizunguko yote 60, na inaeleza kudumu. Hawakuzichanganya, kwa sababu walijua kisu kinaweza kung'ara kwenye ya kwanza na kuaibika kwenye ya pili. Ndugu zangu wa video wamekomea mzunguko wa tatu, wakapiga makofi, wakazima kamera.

Simwambii mtu anunue mashine. Kamba ya katani ipo. Maboksi ya karatasi ngumu, ambayo nyumbani kwa mtu anayepokea visu vya bure kila wiki hayawezi kukosekana, yapo. Kata, hesabu, kata. Inachosha na haipendezi kwenye kamera, nakubali.

Majina ya chuma nayo yanatamkwa kama dua. VG-10! Nusu dakika ya kimya cha heshima. Chuma kile kile kikipata joto vibaya tanuruni kinatoka takataka, na namba ya ugumu aliyoisoma, 60 au 61, ameisoma kwenye boksi. Ile michirizi ya Damaski kwenye visu vingi ni urembo wa ubavuni tu. Haifiki kwenye makali yanayokata.

Umbo ndilo wanalolisahau kabisa, na ndilo linalokata. Mama yangu ana kisu ambacho chuma chake hakina jina. Kimenolewa miaka mingi, tena kwenye kitako cha kikombe, mpaka ubapa umeliwa ukabaki na upana wa kidole. Hakuna atakayekitengenezea video. Lakini kwa sababu ni chembamba nyuma ya makali, kinapita kwenye kitunguu bila kukipasua, wakati kisu changu cha sifa, kinene pale pale, kinakisukuma kitunguu kipasuke kama kuni. Ni sehemu ndogo tu ya milimita mtu angeipima kwa kipimo cha mafundi na kuisema. Sijaona video hata moja kati ya nilizotazama mwezi huu iliyofanya hivyo. Badala yake naambiwa kisu "kimekaa vizuri mkononi". Mkono wa nani?

Kuhusu kiungo cha kununulia kilicho chini ya video sina la kusema sana. Anapata kamisheni ukinunua. Mtu anayelipwa ukinunua ana sababu gani ya kusubiri mwezi mzima ili agundue kwamba usinunue?

Haya, niwe mkweli kidogo ingawa sipendi. Zipo chaneli chache za watu wenye vidole vyenye makovu, wanaonoa mbele ya kamera, wanaosema "hiki nimekaa nacho mwaka" na wanakuonyesha pengo lilipoingia na jinsi walivyoliondoa. Nimejifunza kunoa kutoka kwao, si kwa mtu mwingine. Kamera zao mbovu, sauti inakatika, watazamaji wanahesabika. Na hata wale wa piano, picha zao za karibu zimenisaidia mara moja kuona mpini usiokutana sawasawa na chuma. Mara moja.

Jana, baada ya kuirudia ile video, niliingia kwenye chaneli ya yule jamaa ambaye video yake ilinifanya ninunue kisu mwaka jana, nikitafuta kama aliwahi kukirudia. Nimeshuka chini mpaka kidole kimechoka. Visu vipya tu, kila kimoja na alama zake 9 na kitu. Kwenye video ya wiki iliyopita nikasimamisha picha. Nyuma yake ukutani, kwenye ile sumaku ya kutundikia visu, kiko kile kisu changu, cha tatu kutoka kushoto. Nikaikuza picha. Kofia ndogo ya plastiki ya kukinga ncha bado haijatolewa.