Watu Wafike Majini

Miji mingi iliota kando ya mto kwa sababu ya maji, kisha ikaupa mto huo kisogo. Ukabaki nyuma ya maghala na chini ya madaraja, mahali ambapo mabomba ya maji taka humwaga uchafu bila kuonekana. Ndiyo maana nikisikia manispaa imeamua kugeuza kingo zilizotelekezwa kuwa bustani ya umma, nafurahi kwa dhati. Ila kwenye michoro huwa natafuta jambo moja kwanza: mtu wa kawaida ataweza kuyafikia maji?

Mara nyingi hawezi. Utaona njia pana ya vigae, uzio wa chuma, chemchemi ya mapambo na jina la bustani kwa herufi kubwa, huku mto wenyewe ukiwa mita kadhaa chini, kati ya kuta za zege. Watu watafurika wiki ya uzinduzi, watapiga picha, kisha watapungua, maana hakuna cha kufanya pale zaidi ya kupita.

Wahandisi wana hoja yao, tena nzito: mafuriko. Zege huyapeleka maji haraka yasiingie majumbani. Los Angeles iliufunga mto wake kwenye zege baada ya mafuriko ya mwaka 1938 yaliyoua watu, na hofu ya namna hiyo haifai kubezwa. Lakini tazama walichofanya Singapore katika bustani ya Bishan-Ang Mo Kio, iliyofunguliwa upya mwaka 2012. Pembeni yake palikuwa na mfereji wa zege ulionyooka, wenye urefu wa kilomita 2.7. Waliubomoa, wakauacha mto Kallang upindepinde ndani ya bustani kwa takriban kilomita 3, na kingo zikashikiliwa kwa mawe na mizizi ya mimea. Siku za kawaida ni kijito cha kuvuka kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe, na watoto huinama kutafuta samaki wadogo. Mvua kubwa ikinyesha, maji hupanda juu ya nyasi na kutanda hadi upana wa karibu mita 100, huku ving'ora na taa za tahadhari zikiwahimiza watu wapande sehemu za juu. Nyasi za kuchezea ndizo njia ya mafuriko. Mto umepewa nafasi ya kufurika, na jua likirudi, watu wanarudi.

Seoul ilibomoa barabara ya juu iliyofunika mkondo wa Cheonggyecheon na kuufungua tena mwaka 2005, kwa urefu wa kilomita 5.8. Naupenda mradi ule kwa sababu unashuka ngazi na kukaa karibu kabisa na maji, katikati ya jiji. Hata hivyo maji mengi yanayopita pale husukumwa kwa pampu, na wachuuzi waliokuwa wakitafuta riziki juu yake walihamishwa. Hilo la wachuuzi linaniuma. Kando ya mto uliosahauliwa huwa kuna watu tayari: wavuvi, waosha magari, wanaolima vijishamba, wanaolala chini ya daraja. Hao waitwe mezani kabla mchoro wa kwanza haujachorwa, tena wapewe nafasi ndani ya bustani yenyewe. Bustani iliyoanza kwa kufukuza watu itahitaji walinzi milele.

Wakati mwingine hata fedha nyingi hazihitajiki. Madrid ilitumia mabilioni ya euro kuzika barabara ya M-30 chini ya ardhi na kupanda bustani juu yake. Lakini mto Manzanares wenyewe ulichangamka kuanzia mwaka 2016, jiji lilipofungua malango ya mabwawa yaliyoyatuamisha maji. Mchanga ulijikusanya, visiwa vya majani vikaota, ndege wakarudi.

Baada ya hapo yanabaki mambo madogo, ambayo kwangu ndiyo yanayoamua kama mahali pataishi. Ngazi ziwe pana za kukalia, na pembeni pawe na njia ya mteremko mdogo kwa kiti cha magurudumu na gari la mtoto. Mabenchi yawe na egemeo na yatazame maji. Kivuli kiwe cha mti, mti wenyewe upandwe mapema. Vyoo viwe wazi na safi, kwa kuwa mama mwenye watoto hakai saa mbili mahali pasipo na choo. Taa ziwepo, na madirisha ya majengo ya jirani yaelekee mtoni, ili mtu anayepita jioni ajue anaonekana.

Na mabomba ya maji taka yafungwe huko juu kabla nyasi hazijapandwa huku chini. Hakuna anayekaa kwenye benchi zuri linalonuka.

Kwa hiyo mchoro ukiletwa kwenye mkutano wa hadhara, ulizeni kuhusu bajeti ya mwaka wa tano. Ulizeni nani atakuja na majembe na toroli kuzoa matope asubuhi baada ya mto kujaa, na mshahara wake umeandikwa kwenye ukurasa gani.